Mtambo mdogo wa akiba wa gesi asilia: injini ya mchanganyiko sawia, injini ya hewa nyingi au turbaini?

Mtambo wa akiba una maisha yake. Mtambo wa kila siku ukishawashwa hupata moto na kukaa kwenye mzigo mkubwa kwa wiki nzima. Wa akiba hulala miezi. Gridi ikianguka huamshwa ghafla, hubebeshwa mzigo ukiwa bado baridi, hukimbia saa mbili tatu, kisha hulala tena. Katikati ya hapo huwashwa kwa majaribio ya dakika chache. Katalogi, kwa upande wake, huandika ufanisi na hewa chafu za mtambo uliokwisha pata moto, kwenye mzigo kamili, tena katika hali ya hewa ya wastani. Takwimu hizo ni za kweli, ila zinaeleza kazi ambayo mtambo wako utaifanya kwa sehemu ndogo tu ya uhai wake. Ndiyo maana hapa tumelinganisha njia tatu kwa kuangalia zaidi zinavyowaka, zinavyokaa bila kazi na zinavyoharibika.

Tunazungumzia mitambo ya kilowati 100 hivi hadi megawati 5 inayolishwa na bomba la gesi asilia. Dizeli tumeiacha nje. Itoshe kusema kwamba kila gigajuli ya dizeli ikiungua hutoa kilo 74 hivi za hewa ukaa, na ya gesi asilia kilo 56.

## Vigezo, kabla ya kutazama mashine

Saa kwa mwaka. Hiki ndicho kigezo kinachotangulia vyote, kwa sababu sheria nyingi za hewa chafu hupimwa kwa saa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 kuhusu mitambo ya ukubwa wa kati linaweka kikomo cha oksidi za naitrojeni kwa mtambo mpya wa gesi asilia kuwa miligramu 95 kwa mita ya ujazo kwa injini na 50 kwa turbaini, zikipimwa kwa oksijeni ya asilimia 15. Linaruhusu pia nchi kuusamehe mtambo usiozidi wastani wa saa 500 kwa mwaka. Marekani, injini iliyosajiliwa kuwa ya dharura haina ukomo wa saa wakati wa dharura halisi, lakini majaribio na matunzo hayatakiwi kuzidi saa 100 kwa mwaka, na hairuhusiwi kuwashwa ili kupunguza bili saa za kilele. Popote ulipo, uliza kwanza mtambo wako utahesabiwa katika kundi gani. Jibu hilo huweza kuamua kama unahitaji kusafisha moshi au la.

Kuwaka na kupokea mzigo. Sekunde ngapi tangu giza hadi umeme, na mzigo kiasi gani unaweza kuingia kwa mkupuo bila masafa kuporomoka.

Gesi. Wingi na presha. Hesabu ya wingi ni rahisi: mtambo wa kilowati 500 wenye ufanisi wa asilimia 36 unahitaji nishati ya kilowati 1,390 hivi. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina takriban kilowati-saa 10. Kwa hiyo bomba, mita na rejeta (kifaa cha kupunguza presha) lazima vipitishe mita za ujazo 139 kwa saa, na ziada juu yake. Presha ni jambo jingine, na hapo ndipo mashine hizi tatu zinapoachana sana.

Hewa chafu za jirani. Oksidi za naitrojeni, kaboni monoksaidi na formaldehaidi. Hizi humfikia anayeishi karibu na dohani.

Gesi joto. Hewa ukaa, pamoja na methani inayopita bila kuungua. Kwa mujibu wa ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya mwaka 2021, kilo moja ya methani ya visukuku hupasha dunia joto sawa na kilo 30 hivi za hewa ukaa kwa miaka 100, na zaidi ya kilo 80 kwa miaka 20.

Matunzo. Nini hufa, na kinakufa kwa sababu ya saa za kazi au kwa sababu ya kukaa tu.

## Injini ya mchanganyiko sawia yenye katalisti

Hapa hewa na gesi hupimwa ili vyote viungue bila kimoja kubaki: kilo 17.2 za hewa kwa kilo moja ya methani. Kwa lugha ya mafundi, lambda, yaani hewa iliyoingia ikigawanywa kwa hewa inayohitajika, ni 1.

Kuwaka na kupokea mzigo. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Mchanganyiko sawia hushika moto kwa urahisi hata injini ikiwa baridi, na injini ndogo zinazovuta hewa bila turbo hazina cha kusubiri. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110 kina daraja linalotaka umeme urudi ndani ya sekunde 10, na injini za aina hii za kilowati mia chache hulifikia, mradi hita ya maji ya injini imekuwa ikifanya kazi na betri ni nzima. Mzigo mkubwa ukiingia kwa hatua moja, injini hushtuka lakini haizimi.

Gesi. Hutosheka na presha ndogo, kilopaskali 2 hadi 3 hivi kwa nyingi, ambayo hupatikana kwenye bomba la kawaida la mjini. Ila presha ndogo haisamehe bomba jembamba. Funga manomita karibu na injini, mtu apige stata, wewe tazama sindano. Ikishuka kutoka 2.5 hadi chini ya 1 injini inapopokea mzigo, rejeta iko mbali mno au ni ndogo mno. Injini ya hivyo huwaka vizuri kwenye jaribio lisilo na mzigo na kuzima siku ya giza.

Hewa chafu za jirani. Kabla ya kusafishwa, moshi wake ni mbaya kuliko wa zote: gramu 10 hadi 20 za oksidi za naitrojeni kwa uniti moja ya umeme, na kaboni monoksaidi nyingi. Kazi yote iko kwenye katalisti ya njia tatu, kile kifaa cha eksozi ambacho mafundi wa magari hukiita masega. Ndani yake oksidi za naitrojeni hunyang'anywa oksijeni, na oksijeni hiyo humalizia kuunguza kaboni monoksaidi. Ikiwa nzima huondoa zaidi ya asilimia 90 ya vyote viwili, bila kuhitaji kimiminika chochote.

Sharti lake ni ukali wa uwiano. Lambda inatakiwa kukaa karibu na 0.99. Ikipanda kidogo tu, oksidi za naitrojeni hupita zote. Ikishuka kidogo, hupita kaboni monoksaidi, na katalisti yenyewe huanza kutengeneza amonia, ambayo harufu yake huisikia ukiwa jirani na dohani. Anayelinda uwiano huo ni kihisi cha oksijeni kwenye eksozi, kitu cha ukubwa wa plagi ambacho huchoka polepole bila kuwasha taa yoyote. Kibadilishwe kwa ratiba, usingoje kife.

Sharti la pili ni joto. Chini ya nyuzi 300 katalisti haifanyi kazi ya maana, na hufanya vizuri ikipita 400. Jaribio la dakika kumi bila mzigo, kwa hiyo, ni dakika kumi za moshi ambao haujasafishwa.

Gesi joto. Ufanisi ni asilimia 30 hadi 36, kwa hiyo hewa ukaa ni nyingi kiasi. Methani inayopita bila kuungua ni ndogo, gramu 1 hivi kwa uniti, kwa sababu mchanganyiko huu huungua karibu wote.

Matunzo. Adui wa katalisti ni wawili: oili na kumisi. Oili ya injini za dizeli ina majivu karibu asilimia 1 au zaidi, ilhali injini ya gesi inataka oili yenye majivu machache, nusu asilimia hivi. Ukimimina ya dizeli kwa sababu ndiyo iliyokuwa stoo, fosforasi na zinki yake hutanda juu ya katalisti. Kumisi ni kubaya zaidi, kwa kuwa silinda isiyowaka hupeleka gesi mbichi hadi kwenye katalisti, nayo huungulia huko.

Ukifungua kasha, tazama uso wa sega kwa tochi. Lililo zima lina vijitundu vinavyopitisha mwanga hadi upande wa pili. Lililozibwa na majivu ni la kijivu, kama limepakwa chokaa. Lililoungua lina kovu linalong'aa, vijitundu vimeyeyuka vikashikana. La kijivu pengine huoshwa na kampuni yenye dawa zake likarudi kazini. Lenye kovu ni la kubadilisha, na kabla hujafunga jipya tafuta silinda iliyomisi, maana la pili litaungua vilevile. Kipimo cha tofauti ya presha kabla na baada ya katalisti hueleza mengi bila kufungua chochote, kwa hiyo kidai kiwe kwenye mkataba wa ununuzi.

Inamfaa anayehitaji umeme urudi kwa sekunde chache, mwenye mzigo wa kushtukiza, saa chache kwa mwaka na bomba la presha ndogo.

## Injini ya hewa nyingi

Hapa hewa inazidishwa makusudi, lambda 1.6 hadi 2. Hewa ya ziada hupooza moto ndani ya silinda, na kwa kuwa oksidi za naitrojeni huzaliwa kwenye joto kali, huzaliwa chache tangu mwanzo.

Kuwaka na kupokea mzigo. Huu ndio udhaifu wake kwenye kazi ya akiba. Mchanganyiko mwepesi hukaa kwenye njia nyembamba: gesi ikizidi injini inagonga (gesi hulipuka yenyewe ndani ya silinda), ikipungua inamisi. Mzigo unapoingia kwa mkupuo, turbo inachelewa kuleta hewa, na kidhibiti hakiwezi kumwaga gesi bila kuvuka mpaka. Kwa hiyo injini kubwa za aina hii hupokea mzigo kwa ngazi za asilimia 10 hadi 25, na sekunde kadhaa za kutulia kati ya ngazi na ngazi. Tangu baridi hadi mzigo kamili hesabu kwa dakika, isipokuwa mtengenezaji ametoa toleo la kuwaka haraka na kuliandikia dhamana. Mashine ya lifti, pampu kubwa na kompresa za barafu lazima zipangiwe zamu kwenye ubao wa kubadilisha chanzo. Asiyepanga zamu hizo atalaumu injini kwa kosa la waya.

Gesi. Zile zinazochanganya gesi na hewa kabla ya turbo huhitaji kilopaskali 5 hadi 20 hivi. Zenye chemba ndogo ya kuanzishia moto huhitaji bar kadhaa (bar moja ni kilopaskali 100). Zaidi ya presha kuna ubora. Namba ya methani hupima uwezo wa gesi kuhimili kugonga: methani safi ni 100, haidrojeni ni 0, propani ni 34 hivi. Gesi ya bomba ikiongezeka propani na butani, namba hushuka, kidhibiti hurudisha nyuma muda wa cheche na nguvu hupungua. Ukipanga kutumia propani ya mtungi bomba likikatika, muulize muuzaji kilowati zitakazobaki na akuandikie jibu.

Hewa chafu za jirani. Injini iliyowekwa kwenye miligramu 500 kwa mita ya ujazo, kwa oksijeni ya asilimia 5, hutoa gramu 1.4 hivi za oksidi za naitrojeni kwa uniti. Zinapatikana za miligramu 250, kwa gharama ya ufanisi kidogo na methani zaidi inayopita. Kaboni monoksaidi na formaldehaidi huhitaji katalisti ya kuunguzia, ambayo ni rahisi na haina uwiano wa kulinda.

Sheria ikitaka chini ya hapo, inakuja katalisti ya urea, ambayo huvunja oksidi za naitrojeni kwa urea inayonyunyizwa kwenye moshi, na hapo fikiri mara mbili kwa mtambo wa akiba. Urea hainyunyizwi hadi moshi upite nyuzi 250 hivi. Kwenye tangi hudumu mwaka mmoja hivi ikiwa mahali pa baridi ya wastani, na hufupisha maisha kadiri joto linavyopanda. Ikikaa kwenye pua ya kunyunyizia bila kusafishwa na hewa, hukauka ikawa fuwele nyeupe ngumu kama chumvi ya mawe, na siku ya haja pua haitoi kitu. Mfumo wenye kusafisha bomba lake kwa hewa kila injini inapozimwa ndio pekee wa kukubali. Mwaga urea ya zamani kabla haijafikisha mwaka, hata kama tangi limejaa.

Gesi joto. Ufanisi wake ni mzuri kuliko wa wenzake, asilimia 38 hadi 44 kwa injini za megawati moja na kuendelea. Lakini methani gramu 3 hadi 5 kwa uniti hupita bila kuungua. Hujificha kwenye upenyo wa juu ya ringi ya kwanza na kando ya kuta za silinda ambako moto mpoozo hufa kabla ya kufika. Kwenye mzigo mdogo hupita zaidi. Katalisti ya kuunguzia haiikamati, kwa kuwa methani ni ngumu kuvunjika kwenye joto la moshi la nyuzi 400 hadi 450. Wengi husoma ufanisi wa asilimia 42 na kudhani ndiyo injini safi kwa tabianchi. Hesabu iliyo mbele inaonyesha kwa nini nusu ya habari hiyo imefichwa.

Matunzo. Plagi ndizo za kuangaliwa. Nafasi ya cheche ni ndogo, milimita 0.3 hadi 0.4 kwa nyingi, na ikipanuka kwa kulika, mchanganyiko mwepesi hauwaki. Mtambo wa akiba hauli plagi kwa saa, bali kwa kuwashwa mara nyingi ukiwa na unyevu na oili iliyopanda. Usiiendeshe chini ya nusu ya mzigo kwa muda mrefu. Jengo lako likila robo tu ya uwezo, ama nunua mbili ndogo, ama weka mzigo bandia wa hita.

Inamfaa anayetarajia saa nyingi, mamia kwa mwaka, mwenye mzigo mkubwa uliotulia na anayeweza kuvumilia dakika chache kwa kutumia betri za kujaziza pengo hadi mtambo ushike mzigo.

## Turbaini ndogo

Kuwaka na kupokea mzigo. Turbaini haina silinda: hewa hubanwa, gesi huungua ndani yake mfululizo, na moshi wa moto huzungusha mapanga. Ikiwashwa hupuliza hewa kwanza kufukuza gesi iliyobaki kwenye dohani, kisha hupanda kasi polepole ili vyuma vyake vipate joto sawasawa. Zile ndogo za kilowati 30 hadi 300 huchukua dakika mbili hivi au zaidi, na za megawati huchukua dakika kadhaa. Betri za kujaziza si hiari. Ikishakimbia, turbaini ya mhimili mmoja hubeba mzigo wa ghafla vizuri, kwa sababu uzito unaozunguka kwa kasi kubwa ni akiba ya nguvu.

Gesi. Hapa wengi hukwama. Gesi lazima iingizwe kwenye hewa iliyokwisha kubanwa, kwa hiyo turbaini ndogo hutaka bar 5 hivi na za megawati hutaka 10 hadi 20 au zaidi. Bomba la mjini halina presha hiyo. Unafunga kompresa ya gesi, nayo inahitaji umeme, na umeme ndio uliokatika. Kabla ya kusaini chochote uliza: kompresa itawashwa na nini dakika ya kwanza ya giza? Jibu liwe betri yenye ukubwa uliohesabiwa au jenereta ndogo ya kuanzishia. Kompresa pia hula sehemu ya umeme unaozalishwa muda wote.

Joto la nje nalo linakata. Nguvu iliyoandikwa ni ya nyuzi 15. Kila nyuzi moja juu ya hapo huondoa kati ya nusu asilimia na asilimia moja. Penye nyuzi 35, turbaini ya megawati moja inaweza kutoa kilowati 850 tu. Injini nazo hupoteza nguvu kwa mwinuko, asilimia 1 hivi kwa kila mita 100 kwa zisizo na turbo, lakini joto haliziumizi kiasi hicho.

Hewa chafu za jirani. Bora kuliko zote bila kufunga kitu kwenye dohani. Zenye kuchanganya hewa na gesi kabla ya moto hutoa sehemu 9 hadi 25 za oksidi za naitrojeni kwa milioni, kwa oksijeni ya asilimia 15. Ishirini na tano ni sawa na gramu 0.6 hivi kwa uniti. Ila sifa hiyo ni ya nusu mzigo kwenda juu. Chini ya hapo moto hubadili mtindo ili usizimike, na kaboni monoksaidi hupanda mno.

Gesi joto. Ufanisi asilimia 24 hadi 33, na kwenye nusu mzigo hushuka zaidi. Hewa ukaa ni nyingi. Methani inayopita ni kidogo sana, kwa kuwa moto hauzimi wala hauna kona za kujificha.

Matunzo. Oili kidogo, radieta hakuna, plagi chache. Kinachochosha ni kuwashwa: kila mwasho hunyoosha na kukunja vyuma vya moto, na watengenezaji huuhesabu kama saa za kazi. Chujio la hewa likiachia vumbi, mapanga ya kubana hewa huchafuka na nguvu hushuka kabla hujaona dalili nyingine.

Inamfaa mwenye gesi ya presha kubwa tayari, eneo lenye sheria kali za hewa, au anayeweza kutumia joto la moshi siku za kazi.

## Hesabu ya saa 100

Chukua kilowati 500 kwa saa 100 kwa mwaka, yaani uniti 50,000, mitambo yote ikiwa imepata moto na iko kwenye mzigo wake:

| | Sawia na katalisti | Hewa nyingi | Turbaini |
|---|---|---|---|
| Ufanisi | 35% | 40% | 27% |
| Hewa ukaa (tani) | 28.9 | 25.2 | 37.4 |
| Methani iliyopita (kilo) | 50 | 150–250 | 3 |
| Jumla ya gesi joto, miaka 100 (tani) | 30.4 | 29.7–32.7 | 37.5 |
| Oksidi za naitrojeni (kilo) | 30 | 70 | 30 |

Tani 3.7 ambazo injini ya hewa nyingi iliokoa kwenye hewa ukaa zimeliwa zote, au karibu zote, na methani. Ukihesabu kwa miaka 20, injini ya mchanganyiko sawia inabaki na tani 33, turbaini haisogei kutoka kwenye 37 na kitu, na ya hewa nyingi inapanda hadi kati ya 38 na 46.

Zile kilo 30 za safu ya kwanza, hata hivyo, ni za katalisti nzima. Katalisti ikifa na hakuna aliyepima, ni kilo 600. Injini ya hewa nyingi haina anguko la namna hiyo: hata ikitunzwa hovyo, haiwi chafu mara ishirini. Kama huna mtu wa kupima moshi walau mara moja kwa mwaka, hilo ni jambo zito kuliko safu yoyote ya jedwali.

Kuna methani nyingine ambayo haimo humo. Mtambo unaokimbia saa 100 unalala saa 8,660. Kiungo cha bomba kinachovuja lita 15 kwa saa, kiasi ambacho pua haitakikamata kwenye chumba chenye upepo, hutoa gramu 10 hivi kila saa. Kwa mwaka ni kilo 87, zaidi ya zilizopita kwenye injini ya mchanganyiko sawia ikiwa kazini. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, rejeta na vali. Funga vali mbili za kujifunga kabla ya injini, na jaribu kila moja peke yake kama inashika.

## Makosa yanayoziangusha zote

Betri ya kuwashia ni sababu ya kawaida kuliko zote ya mtambo kutoitika. Ipime ikiwa inavuta stata. Volti nzuri ikiwa imetulia haithibitishi kitu.

Injini iliyokataa kuwaka mara mbili tatu imejaza eksozi gesi mbichi. Cheche inayofuata inaweza kupasua sailensa. Kidhibiti kipangwe kuzungusha injini bila cheche kwa sekunde kadhaa kabla ya jaribio jipya, na kwenye eksozi ndefu pawe na milango ya kupumulia mlipuko.

Majaribio mafupi ya kila wiki bila mzigo hudhuru kuliko kufaa. Oili hupanda, plagi hulowa, katalisti haipati joto. Pale sheria na mtengenezaji wanaporuhusu, jaribio moja la mwezi la dakika 30 au zaidi, kwenye theluthi ya mzigo kwa mchanganyiko sawia na nusu kwa wengine, hutoa moshi mchache na habari nyingi.

Na gesi yenyewe inaweza kukatika. Texas, Februari 2021, baridi kali iligandisha visima na vifaa vya gesi, umeme ulipokatwa baadhi ya vituo vya gesi vikazimika navyo, na vyote viwili vikapungua pamoja. Kama maisha ya watu yanategemea mtambo wako, bomba pekee halitoshi. Weka mitungi ya propani au gesi iliyobanwa, na hesabu saa ngapi itakutosha.

## Kwa hali yako

*Wodi, chumba cha upasuaji, pampu za zimamoto. Sekunde 10 na saa zisizofika 100:* mchanganyiko sawia, pamoja na mkataba wa kupima moshi na kubadilisha kihisi cha oksijeni. Gawanya mzigo kwenye injini mbili ili moja ikigoma nyingine ibebe ya lazima.

*Kiwanda ambacho gridi hukatika kila wiki, saa 300 hadi 800 kwa mwaka, mzigo mkubwa uliotulia:* hewa nyingi. Akiba ya gesi italipa. Dai kwa maandishi kiwango cha methani kwenye mzigo wa asilimia 50, 75 na 100, maana cha 100 peke yake hakitakusaidia.

*Kituo cha data au jengo lenye betri za kujaziza tayari, jirani na makazi, sheria kali za hewa:* turbaini kama bomba la bar 10 au zaidi lipo uwanjani. Kama halipo, mchanganyiko sawia wenye katalisti hufika kiwango kilekile cha oksidi za naitrojeni bila kompresa.

*Mzigo mdogo unaopanda na kushuka, fundi mmoja anayekuja kwa zamu:* mchanganyiko sawia kwenye ukubwa mdogo, bila turbo. Uchague kwa mzigo halisi uliopimwa, maana kuununua mkubwa "kwa usalama" ni kuukimbiza kwenye mzigo mdogo mno, na oili hupanda hadi kwenye katalisti.

*Unataka mtambo wa akiba leo, wa kuuza umeme kesho:* chagua sasa hivi kwa sheria za kesho. Kufunga katalisti ya urea kwenye chumba kilichojengwa bila nafasi yake huhitaji kuhamisha eksozi, sailensa na pengine paa. Acha mita mbili hadi tatu za eksozi iliyonyooka na shimo la kupimia moshi tangu siku ya kwanza.